Mlango wa Baraza na Mlango wa Jikoni: Msimulizi na Mtazamo katika Masimulizi ya Kongo

1.0 Utangulizi

Muhumba ni mtaa wa mji wa Bukavu ulio katika komini ya Ibanda, kando ya Ziwa Kivu. Zama za ukoloni, mji huo ulipokuwa ukiitwa Costermansville, upande huu wa ziwa ulikuwa makazi ya Wazungu, nao Waafrika walitengewa mahali pao, hasa Kadutu. Mpango huo haukuwa wa Bukavu peke yake; miji mikubwa ya Kongo ya Kibelgiji ilijengwa kwa kuwatenga weupe na weusi. Hata hivyo utengano huo ulikuwa na tundu moja ambalo mkoloni mwenyewe alilitoboa. Mpishi, dobi na mtunza bustani walivuka mpaka kila asubuhi kwa sababu nyumba ya bwana isingeweza kuendeshwa bila wao.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na milango miwili. Aliyeketi barazani aliliona ziwa, vilima vya ng'ambo na wageni wake. Aliyesimama jikoni aliliona ziwa lile lile, na juu ya hayo alimwona aliyeketi barazani. Alijua anakula nini, anamdai nani, anagombana na mkewe kwa jambo gani. Wa barazani hakumwona wa jikoni ila pale alipomwita. Iwapo wawili hao wangetakiwa kusimulia habari za nyumba hiyo kwa muda wa mwaka mmoja, msikilizaji angepewa hadithi mbili ambazo hata wahusika wake wakuu wasingelingana.

Makala haya yanalichunguza suala hilo la milango miwili katika masimulizi matatu yanayohusu Kongo: tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, maandishi ya André Yav kuhusu mji wa Elisabethville, na utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu. Hoja inayotetewa ni kwamba nafsi ya msimulizi na mahali anaposimama si pambo linaloongezwa juu ya kisa kilichokwisha kamilika. Ndipo kisa kinapozaliwa. Hoja hii inahitaji kusisitizwa kwa kuwa uhakiki wa Kiswahili umezoea kwa muda mrefu kuigawa kazi ya fasihi katika mafungu mawili, fani na maudhui, kisha kuuweka usimulizi katika fungu la kwanza pamoja na tamathali za usemi na methali. Mwanafunzi huandika sentensi moja kwamba "mwandishi ametumia nafsi ya kwanza", akaendelea na dhamira kana kwamba dhamira zilikuwapo kabla ya nafsi hiyo kufungua kinywa.

2.0 Nani Anasema, Nani Anaona

Ni vyema kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Mfaransa Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alionyesha kuwa swali la "nani anasema" si sawa na swali la "nani anaona". Msimulizi aweza kusema kwa nafsi ya tatu, na hata hivyo akatufungia ndani ya macho ya mhusika mmoja, tusijue ila anachokijua yeye. Kinyume chake, msimulizi wa nafsi ya kwanza aweza kusimulia mambo ya utotoni mwake kwa maarifa ya uzeeni. Hapo anayesema ni mzee na anayeona ni mtoto, ingawa wote wawili hujiita "mimi". Naye Mmarekani Wayne Booth, mwaka 1961, alitanguliza dhana ya msimulizi asiyeaminika, yaani yule ambaye maneno yake yanamtaka msomaji ajiulize iwapo kazi yenyewe inakubaliana naye.

Dhana hizi si ngeni kwa fasihi ya Kiswahili hata kama majina yake yametoka mbali. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, Mfalme Rai anataka kujua kwa nini Adili huwaadhibu manyani wawili kila usiku huku akilia. Adili anasimulia maisha yake mwenyewe, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa umbo kwa sababu ya ubaya wao. Wahakiki wengi wameisoma hadithi hiyo kama mgongano wa wema na uovu, na usomaji huo una haki yake. Lakini ni wachache wanaosimama mbele ya jambo lililo wazi: habari ya Hasidi na Mwivu inasimuliwa na yule waliyemkosea, nao wakati huo hawana ulimi wa kibinadamu wa kujitetea. Hili halimfanyi Adili mwongo. Linaonyesha tu kwamba uadilifu wa hadithi umejengwa juu ya mgawanyo wa sauti, na kwamba Shaaban Robert alijua vizuri ni nani amempa sauti hiyo.

Miongo miwili baadaye Kezilahabi alimpa Kazimoto nafsi ya kwanza katika Kichwamaji (1974), na matokeo yakawa tofauti kabisa. Kazimoto hasimulii mbele ya mfalme mwenye haki. Anajisimulia kwa msomaji ambaye hana hakika amwamini kiasi gani, maana shaka na dharau aliyonayo kwa wanakijiji, kwa wazazi na kwa maisha yenyewe ndiyo dirisha pekee alilotuachia. Nafsi ni ile ile ya kisarufi. Mahali pa kusimama pamebadilika. Hivyo kusema kuwa kazi mbili zote "zimetumia nafsi ya kwanza" ni kusema kidogo sana.

3.0 "Mimi" wa Tippu Tip

Tawasifu ya Tippu Tip ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya nathari ya Kiswahili kusimulia maisha ya mtu kwa kinywa chake. Mwenyewe aliiandika Zanzibar kwa hati za Kiarabu, akihimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliihamishia kwenye hati za Kirumi na kuitoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Sehemu kubwa ya safari anazozieleza ilikuwa bara, na tangu miaka ya 1870 ni nchi za Maniema na Utetela ndizo zinazotawala kisa. Ni njia hizo hizo za misafara ya pembe na watumwa zilizochangia kukifikisha Kiswahili mashariki ya Kongo. Msomaji wa Bukavu ana jamaa na kitabu hicho, apende asipende.

Sifa ya kwanza ya usimulizi wake ni ukavu. Msimulizi haelezi mandhari, hasimami kutafakari, wala haombi radhi. Anapanga vitendo kimoja baada ya kingine kwa kiambishi -ka-: wakaenda, wakapigana, wakashinda, wakachukua pembe. Kisarufi kiambishi hicho huonyesha mfuatano tu. Kisimulizi kinafanya kazi kubwa zaidi: kinakifanya kila kitendo kionekane kimezaliwa na kile kilichotangulia, kama maji yanayoteremka mlimani. Uamuzi wa kushambulia kijiji hauonekani kuwa uamuzi. Ni hatua tu inayofuata. Pembe zinahesabiwa kwa frasila. Watu waliotekwa wanatajwa kwa namna hiyo hiyo, kama sehemu ya hesabu. Hakuna mahali ambapo jicho la msimulizi linaingia ndani ya mmoja wao na kuitazama bunduki kutoka upande wa pili.

Sifa ya pili ni ya kushangaza zaidi, nayo inaonekana katika kisa cha Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela. Tippu Tip anatueleza kwamba, baada ya kupata habari za dada wa mtawala huyo waliotekwa vitani zamani na kupotea, alidai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee Kasongo alisadiki, akampokea kama damu yake na kumwachia mamlaka. Utawala huo ukawa mlango wa pembe nyingi. Linalostahili kuzingatiwa na mhakiki si hila yenyewe, kwa kuwa hila katika masimulizi ni kitu cha kawaida tangu zama za Sungura. Ni kwamba msimulizi anaisimulia hila hiyo kwa sauti ile ile kavu anayotumia kusimulia mambo mengine yote, na tena anaiweka wazi. Ndani ya kisa yuko msikilizaji mmoja anayedanganywa, Kasongo. Nje ya kisa yuko msikilizaji mwingine anayeshirikishwa siri, yaani msomaji. Msomaji anavutwa akae upande wa mdanganyaji, acheke naye. Akikubali, amekwisha chagua mlango wa kuingilia.

Hapa ndipo swali la Booth linapotia maji. Mtu aliyetuambia kwa fahari kwamba kisa cha nasaba kilichosimuliwa vizuri humpatia msimulizi nchi nzima, yeye mwenyewe anatusimulia kisa cha maisha yake. Je, asomwe kwa masikio ya Kasongo? Si lazima kudai kuwa tawasifu nzima ni uongo. Matukio yake mengi yanathibitishwa na maandishi ya wasafiri wengine. Linalodaiwa ni kwamba kitabu chenyewe kimempa msomaji kipimo cha kumpimia mwandishi wake.

Hata jina lake linaonyesha jinsi mtazamo unavyofanya kazi. Yeye mwenyewe aliliunganisha na mlio wa bunduki zake ulivyosikika kwa watu wa bara. Wengine wakalieleza kwa kupepesa kwa macho yake. Maelezo ya kwanza yanatoka kwa mwenye bunduki na yanamtukuza. Ya pili yanatoka kwa mtu aliyemtazama usoni kwa karibu na kuona udhaifu mdogo. Jina ni moja, na vituo vya kuonea ni viwili.

Ipo pia nafasi ya kuwalinganisha wasimulizi wawili waliokutana ana kwa ana. Mwaka 1876 Tippu Tip alikubaliana na Henry Morton Stanley kumsindikiza sehemu ya safari ya kuufuata mto Lualaba. Stanley alitoa kitabu chake cha safari hiyo mwaka 1878, na ndani yake Mwarabu huyo anaonekana kwa umbo lake, mavazi yake na adabu zake, kama mtu wa kuvutia katika mandhari ambayo shujaa wake ni Stanley. Katika tawasifu ya Kiswahili mambo yanageuka. Stanley ni Mzungu mmoja miongoni mwa wengine waliopita, mwenye haja na asiye na njia, aliyeahidi mengi na baadaye akatuma picha yake. Kila mmoja ni shujaa kwake na mpita njia kwa mwenzake. Msomaji aliyezisoma zote mbili anafahamu haraka kwamba shujaa ni cheo kinachotolewa na msimulizi.

Lakini ulinganisho huo una mtego wake. Mhakiki akiridhika na kuweka Stanley upande mmoja na Tippu Tip upande wa pili, atadhani amepata "pande mbili" za historia. Ukweli ni kwamba amepata baraza mbili. Wapagazi waliobeba mizigo ya wote wawili, na wanawake na watoto waliokokotwa nyuma ya msafara, hawana nafsi ya kwanza katika kitabu hiki wala kile.

4.0 Sauti Kutoka Jikoni: André Yav

Ni adimu kupata andiko la Kiswahili linaloingilia mlango wa nyuma. Mojawapo ni lile liitwalo Vocabulaire de la Ville de Elisabethville, lililoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani katika mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Lilikuwa andiko la kurudufiwa, si kitabu cha duka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango, na uchambuzi wa lugha ukafanywa na Walter Schicho.

Anwani yake inasema "vokabulari", yaani orodha ya maneno, lakini kilichomo ni historia: kuja kwa Wabelgiji, kuanzishwa kwa mji, vita vya Ulaya na athari zake, majina ya utani waliyopewa Wazungu, mishahara na maisha ya kazini. Tofauti hiyo ya anwani na yaliyomo si kosa la mtu asiyejua jina la kazi yake. Mtumishi wa nyumbani aliujua mji kwanza kama maneno: majina ya mabwana, ya kampuni, ya mitaa, ya vyakula visivyolika kwao, na amri zilizotolewa kwa lugha iliyovunjwa makusudi ili zisikike kama amri. Kuyakusanya maneno hayo na kusema yalitoka wapi kulikuwa ndiko kuuandika mji.

Nani anasema hapa? Jina la André Yav limewekwa, lakini sauti inayosikika ni ya kundi, la wale walioitwa "boyi" hata walipokuwa baba wa watoto wakubwa. Tofauti na "mimi" wa Tippu Tip, ambaye kila kitendo kinarudi kwake, sauti hii hutoa ushahidi kwa niaba ya wenzake. Nani anaona? Anayeona ni mtu aliye karibu mno na bwana na wakati huo huo hahesabiwi kuwa yupo. Hiyo ndiyo nguvu ya jikoni. Bwana hufunga mdomo mbele ya wageni wake, ila si mbele ya mpishi. Ndiyo maana majina ya utani yana uzito katika andiko hili. Jina la utani ni uhakiki mfupi: limetungwa na mtu aliyetazama muda mrefu bila kutazamwa, na likitamkwa mbele ya mwenyewe halimfikii.

Jambo jingine ni hadhira. Tippu Tip aliandika akijua kwamba Brode anangoja, na nyuma ya Brode wapo wasomaji wa Ulaya. Yav aliandika kwa watumishi wenzake. Kwa sababu hiyo haelezi mambo ambayo mgeni angetaka yaelezwe, na anaeleza kwa kirefu mambo ambayo mgeni angeyaona madogo. Msomaji wa nje hujikuta amesimama mlangoni akisikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Hali hiyo ya kutokuwa mlengwa ni funzo kubwa kwa mwanafunzi wa fasihi, kwa kuwa inamwonyesha jinsi masimulizi mengine mengi yalivyokuwa yakimbembeleza bila yeye kujua.

Isidhaniwe lakini kwamba jikoni huonekana kila kitu. Watumishi wa nyumbani katika Kongo ya Kibelgiji walikuwa karibu wote wanaume, na historia wanayoisimulia ni ya wanaume waliofanya kazi kwa wanaume. Mke aliyebaki mtaani, akauza mihogo au kutengeneza pombe ili mshahara wa boyi ufike mwisho wa mwezi, yuko nje ya jikoni hiyo. Mtazamo wa chini nao una chini yake. Mhakiki anayeusifu kwa kuwa ni wa wanyonge, asiulize ni wanyonge gani, amebadilisha baraza tu.

5.0 Msimulizi Asiyekaa Mahali Pamoja: Rureke na Mwindo

Mifano miwili iliyotangulia yaweza kumfanya mtu adhani kuwa kila msimulizi amefungiwa mlango mmoja. Fasihi simulizi ya Kivu inaonyesha vinginevyo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck na wasaidizi wake walimwandika fanani wa Kinyanga, Candi Rureke, akitamba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Maandishi hayo yalitolewa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Lugha ni Kinyanga, si Kiswahili, lakini ni jirani wa karibu zaidi wa Bukavu kati ya kazi zinazojadiliwa hapa.

Kisa chenyewe kinajulikana. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo anazaliwa mvulana, tayari anatembea na kusema. Baba anajaribu kumwua, kumzika, kumfungia ngomani na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, kisha anarudi kumtafuta baba. Sehemu kubwa inasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Lakini kisa kinapofika mahali pa wimbo, nafsi inageuka: fanani anaimba "mimi", na huyo "mimi" ni Mwindo. Mkononi ameshika usinga kama ule wa Mwindo, mwili wake unacheza. Kwa muda wa wimbo hakuna umbali kati ya anayesema na anayesemwa.

Halafu, ndani ya nyimbo hizo hizo, Rureke anajitokeza kwa jina na hali yake mwenyewe, akazungumza na waliomzunguka, na hata akamhimiza mwandishi anayeandika aendelee na kazi. Kwa mujibu wa vigezo vya nathari iliyochapishwa, hilo lingeitwa kuvunja kisa. Kwa wasikilizaji wa fanani ndiyo kukijenga. Wanakumbushwa kwamba shujaa yuko mbele yao kwa hisani ya mtu mwenye koo linalokauka, anayestahili kupewa kitu, na kwamba kuna mgeni mwenye kalamu anayeyapeleka maneno mahali pengine. Kalamu yenyewe imetiwa ndani ya utendi na kuonekana. Brode hakuonekana hivyo ndani ya usimulizi wa Tippu Tip.

Kuhama huku kwa nafsi kuna maana ya kimaadili pia. Fanani anayejitambulisha na Mwindo kiasi hicho angetazamiwa kumsifu hadi mwisho. Haiwi hivyo. Baada ya Mwindo kuliua Joka, rafiki wa Nkuba bwana wa radi, anachukuliwa mbinguni, anatiwa adabu kwa mateso ya baridi, mvua na jua, na anarudishwa akiwa amefunzwa kujizuia, ndipo anawapa watu wake sheria. Fanani aliyekuwa "mimi" wa majisifu anarudi nyuma na kumtazama shujaa wake akikemewa. Uwezo wa kukaribia na kujitenga na mhusika yule yule ndio Tippu Tip asiokuwa nao, maana hajawahi kutoka nje ya "mimi" wake akajitazama.

6.0 Lugha Kama Mahali pa Kusimama

Katika mifano yote hii mtazamo umefungamana na aina ya lugha. Hili lina uzito wa pekee kwa vyuo vya Kivu na Katanga. Mwanafunzi wa Bukavu huzungumza Kiswahili cha mji wake, kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za jirani, na vijana wana lahaja yao ya mtaani, Indubili, ambayo Didier Goyvaerts aliiandikia makala mwaka 1988. Darasani husoma riwaya za Kiswahili sanifu kutoka Tanzania na Kenya. Akikutana na Yav, jambo la kwanza analoliona ni makosa: viambishi vya ba- mahali pa wa-, maneno yaliyoungana au kukatika pasipotarajiwa. Tahajia yake ni ngumu hata Kalundi Mango ilimpasa kuyasoma maandishi kwa sauti ndipo maana ikapatikana.

Wapo wanaopendekeza kwamba maandishi ya aina hiyo "yasafishwe" kwa Kiswahili sanifu kabla ya kufundishwa. Nia ni njema, maana lengo ni kumrahisishia msomaji. Lakini kusafisha huko hubadilisha anayeona. Chukua neno "boyi" peke yake. Likibadilishwa kuwa "mtumishi wa nyumbani", habari haijapungua. Aliyepungua ni msimulizi. "Mtumishi wa nyumbani" ni neno la ofisi, linalomtazama mtu kutoka nje. "Boyi" ni jina ambalo bwana alimpa mtu mzima, ambalo mtu huyo alilichukua, akalitia wingi kwa sarufi yake mwenyewe, na hatimaye akaanzisha chama na kuandika historia chini yake. Historia nzima ya dharau na ya kuigeuza dharau hiyo imo katika silabi mbili. Kuifuta ni kumtoa Yav jikoni, kumvalisha koti na kumketisha barazani, ambapo hataona tena alichokiona.

Kwa upande mwingine, si busara kuitukuza kila sauti isiyo sanifu kana kwamba ndiyo kweli tupu. Kiswahili cha Tippu Tip ni cha Unguja, kimenyooka na kinasomeka vizuri, nacho kimebeba mtazamo wa mwenye bunduki. Lakini hakukibeba kwa sababu ya lahaja. Linalotakiwa ni lile lile kwa lugha zote: andiko lisomwe kwa lugha lililoandikiwa, na lugha hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya mahali msimulizi aliposimama.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nafsi ya usimulizi haiwezi kuelezwa kwa sarufi peke yake. Adili, Kazimoto na Tippu Tip wote husema "mimi", na kila mmoja ni kitu kingine. Yav husema kwa niaba ya kundi kutoka mahali pa karibu na pasipoonekana. Rureke huingia ndani ya shujaa na kutoka, na humwonyesha msikilizaji mlango anaoutumia. Katika kila kisa maudhui yameamuliwa na swali la nani anasema, nani anaona, na nani anasemeshwa. Kwa hiyo mtazamo haufai kubaki kipengele kimoja cha mwisho katika orodha ya fani. Uhakiki uanze nao.

Suala hili halihusu vitabu tu. Bukavu imepitia vita vya mwaka 1996, mapigano ya mwaka 2004, na kuingia kwa M23 mwezi Februari mwaka 2025. Mengi yaliyoandikwa kuhusu siku hizo yameandikwa na watu wa mbali kwa lugha nyingine, na ndani yake mwenye mji huonekana katika nafsi ya tatu wingi: wakimbizi, wahanga, wakazi. Anahesabiwa, kama walivyohesabiwa wale wa misafara ya Maniema. Msomaji aliyejifunza kuuliza maswali yaliyojadiliwa hapa atazipokea taarifa hizo kwa tahadhari bila kuzitupa. Na akichukua kalamu mwenyewe, atajua kwamba kabla ya sentensi ya kwanza anapaswa kuchagua mahali pa kusimama, na kwamba popote atakaposimama patakuwa na mtu nyuma yake asiyeonekana.

Nyumba za Muhumba zimebadilisha wenyewe mara nyingi tangu Wabelgiji walipoondoka. Wanaoketi barazani siku hizi huzungumza Kiswahili, na wa jikoni pia. Mlango wa nyuma ungalipo.